Nilivyokwenda Kumwuliza Tufaha

Mmeniuliza mno. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine kwa mzaha, na yupo mmoja wenu aliyesema pale barazani kuwa Athmani alipoona harusi imekaribia alipanda baisikeli akakimbia. Maneno hayo yalinifikia, na yaliniuma. Ndiyo maana nimekaa leo kuandika safari nzima, tangu nilivyotoka Shella, hapa Malindi, mpaka nilivyorudi nikisukuma baisikeli na bibi mzee juu yake, ili nisiulizwe tena. Mkishasoma, tafadhalini mniache.

Habari ya mwanzo mwaijua nusu. Nilikuwa nimemposa Zena, binti wa jirani zetu, na zilibaki siku kumi na mbili tufunge nikaha. Wanawake walikuwa ukumbini kwetu wakichagua mchele wa harusi. Shangazi yangu Mwanajuma, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akasema huku akicheka, "Hawa wameandikiwana tangu utotoni. Nakumbuka hata Athmani aliwahi kunyonya kwa Tufaha, siku mama yake alipokuwa na homa."

Mchele ukaachwa pale pale. Tufaha alikuwa mjakazi wa nyumba yetu zamani hizo, na ndiye aliyemnyonyesha Zena mpaka akaachishwa. Hilo mtaa mzima walilijua. Na watoto walionyonya kwa mwanamke mmoja ni ndugu, hawaoani.

Shehe wetu alipoulizwa hakutaharuki. "Mara moja si kitu," akasema. "Akiwa amenyonya mara tano mbalimbali, na kila mara akashiba, hapo Tufaha ni mamake na Zena ni dadake. Mtafuteni mwanamke mwenyewe aseme." Mama yangu na mama yake Zena wote wawili walikwisha tangulia mbele ya haki, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kuulizwa.

Tufaha alitoka kwetu ilipotangazwa kuwa watumwa wote wa pwani wako huru, na kwa miaka minne hakuna mtu wa nyumba yetu aliyemwulizia. Mimi pia sikumwulizia. Fununu ilikuwa kwamba analima huko ziwani Jilore. Jivraj, ambaye mimi humpimia simsim dukani kwake, akaniazima baisikeli yake, ile aliyokuwa akiipanda jioni uani tu, akizunguka kisima. "Nenda polepole," akaniambia. "Kwenye mchanga hii humwangusha mwenye haraka."

Jioni ile Zena aliniita kutoka nyuma ya mlango ulio kati ya ua wao na wetu. Sauti yake tu, kama ilivyokuwa tangu alipowekwa ndani. Alinipitishia mikate ya mofa iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Athmani, ukamwulize vizuri," akasema. "Usimwulize kama mtu atakaye jibu moja."

Nikamwahidi.

Kutoka Shella hadi mto Sabaki

Mwanzo wa safari ulikuwa wa aibu. Nilikuwa nimejifunza baisikeli ufukweni, penye mchanga mgumu uliolowa, nikadhani ulimwengu wote ndivyo ulivyo. Kumbe mara tu ukiyapa kisogo mashamba ya minazi, njia ni vumbi laini, na gurudumu la mbele linazama kama mwiko kwenye uji. Nilisukuma zaidi kuliko nilivyopanda. Nilipofika Sabaki jua lilikuwa kichwani, na mto ulikuwa umejaa, mwekundu wa udongo, unapita bila kelele.

Kutoka pale njia hufuata ukingo. Ni ya miguu tu, nyembamba, lakini imekanyagwa ikakauka, nami nikaanza kwenda vizuri. Hapakuwa na gari wala punda wala msafara. Upande mmoja maji, upande mmoja mahindi na miwa, na ndege weupe wenye shingo ndefu wakiinuka mbele yangu na kutua tena mbele yangu. Kama si lile lililokuwa moyoni mwangu, ningesema sijapata kuona raha kama ile. Moyoni nilikuwa nahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nne nilikuwa tayari kuzipokea. Nilimwomba Mungu zisizidi nne, na kila nilipokanyaga pedali nilirudia kuomba.

Watu sikuwaona. Niliona majembe yaliyoachwa yamesimama shambani, na mahali pamoja moto na mahindi mawili yakiungua juu yake. Ilinichukua muda kuelewa. Katika nchi ile wenye baisikeli walikuwa matarishi wa serikali na wale wanaokuja kuhesabu nyumba kwa ajili ya kodi. Kengele yangu ilikuwa ikiwafukuza watu nusu saa kabla sijafika. Nilimwona mzee mmoja akirukia kwenye miwa, nikampigia kelele, "Mimi si mtu wa serikali!" Akazidi kukimbia, maana nani mwingine husema hivyo? Nikayageuza yale mahindi upande wa pili yasiteketee, nikaenda zangu.

Ziwani Jilore

Ziwa la Jilore halitangazi kuwa lipo. Unapanda kilima kidogo, unashuka, na maji yako miguuni pako, yametulia, yamefunikwa na maua ya yungiyungi kando kando. Viboko walikuwa wametoa masikio tu. Kijiji kilikuwa juu ya mteremko, moshi unatoka, kuku wanatembea, na mtu hakuna. Niliketi karibu na maji nikaila mofa ya Zena, nikangoja. Nilingoja mpaka jua likaanza kutua. Nilikuwa na hakika kwamba macho hamsini yananitazama kutoka vichakani.

Aliyenihurumia mwisho ni mtu mmoja kiguu, jina lake Karisa, ambaye hakukimbia kwa sababu hawezi. Alitoka kibandani mwake akijivuta na fimbo.

"Hesabu uende," akaniambia. "Nyumba ni ile ile moja, na mimi ni yule yule."

Nikamweleza kuwa namtafuta mwanamke, mtu wa Malindi, aitwaye Tufaha. Hakuniamini. Akaniletea kibuyu cha tembo la mnazi, nami nikakataa kwa adabu, nikasema dini yangu hainiruhusu. Hapo ndipo alipozidi kunitilia shaka. "Mtu asiyekunywa kwangu ana neno kifuani," akasema. Nikamwomba maji na chochote cha kula. Akaniletea sima na kambare wa ziwani aliyekaushwa kwa moshi, mwenye miiba mingi, nami nikamla mpaka kichwa. Kula kwangu kukamtuliza kidogo. Ndipo akakaa karibu.

"Tufaha alikaa hapa mavuno mawili," akasema. "Mwanamke mwema. Lakini kila jioni alikuwa akitoka kwenda kusimama pale njia inapoingia, anatazama upande wa Malindi. Tukimwuliza unangoja nani, anasema watoto wake watakuja kumtazama. Hawakuja. Mwisho akasema, hapa ni karibu mno na kwao, nikikaa hapa nitangoja mpaka nife. Akahamia Kilifi, huko Kibarani, ili aache kungoja."

Sikumwambia Karisa kuwa mtoto mmojawapo huenda ni mimi. Niliona haya, tena haya nzito. Na pamoja na haya ile, Mungu anisamehe, niliogopa lile neno "watoto wake". Nikajituliza kwamba wajakazi wote waliolea husema hivyo.

Msituni hadi Gede

Karisa alinionyesha njia ya kukata msitu kushukia Gede, akasema ni siku moja. Kwa miguu labda. Kwa baisikeli ilikuwa siku mbili, kwa sababu kabla ya adhuhuri mwiba mmoja urefu wa kidole uliingia gurudumu la nyuma, na mwingine ukalifuata la mbele. Sikuwa na cha kuzibia. Nilikaa chini katika kivuli, pande zote miti mirefu na kinyesi cha ndovu kilicho kibichi, nikalia kidogo. Nasema kidogo kwa kuwa niliogopa kupiga kelele.

Baadaye nikafanya kama nilivyosikia wengine wakifanya: nikang'oa majani makavu, nikayashindilia ndani ya mipira yote miwili mpaka ikakaza. Baisikeli ikawa inakwenda kwa kuruka ruka kama mbuzi, lakini inakwenda. Kila baada ya mwendo wa saa moja majani yalisagika, nikashuka, nikashindilia mengine. Tangu hapo mpaka nilipomrudishia Jivraj, haikuwa na pumzi hata chembe ndani yake.

Gede nilifika saa za alasiri. Mnajua kuna magofu ya mawe mle msituni, kuta na misikiti ya watu waliohama zamani na mizizi imeyakumbatia. Watu wa hapo wananyamaza wanapopita. Mimi nilitoka upande ule ule wa magofu, nimechafuka vumbi, nikiruka ruka juu ya chuma, kwa hiyo mnaweza kufikiri walivyonipokea. Mwanamke mmoja alianza kusoma kila dua anayoijua. Nilipomwitikia "Amina" alicheka mpaka akakaa chini.

Wale hawakuogopa serikali hata kidogo. Walitaka tu niwazungukie uwanja ili waone chuma kile kinavyokwenda bila kuanguka. Nikazunguka mara saba na mgongo unaniuma, wakanipa muhogo wa nazi na kunde, na mahali pa kulala. Walikuwa watu wachangamfu, nami sikuwa na uchangamfu wa kuwarudishia. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama nimefiwa.

"Bado," nikamjibu, na mwenyewe nikashangaa jibu lile limetoka wapi.

Hori ya Mida

Asubuhi niliteremka mpaka hori ya Mida. Bahari pale huingia ndani ya nchi kwa kujificha, inagawanyika mifereji mifereji kati ya mikoko, na njia hupita ukingoni kabisa. Maji yakijaa, njia inamezwa. Mimi nilifika yakijaa. Nikalazimika kungoja pamoja na bibi mmoja mvuvi wa kaa, ambaye alikuwa amewasha moto na kuchoma muhogo. Watu wake humwita Hawe, kama sisi tunavyosema bibi, na jina lake Kadzo.

Alinikatia muhogo bila kuniuliza jina. Tulikula tukitazama maji yakipanda polepole kwenye mizizi ya mikoko, bila wimbi wala sauti. Halafu akaniuliza naenda wapi. Nikasema Kibarani, kwa Tufaha.

"Tufaha mkunga?" Uso wake ukafunguka. "Yule ndiye aliyempokea mjukuu wangu, alikuwa amekuja kwa miguu. Alikaa siku tatu bila kulala. Kumbe wewe ni mwanawe wa Malindi! Yule ambaye yeye husema amekuwa bwana mkubwa?"

Nikajitia kutazama kama maji yameanza kupwa. Sikumjibu ndiyo, sikumjibu la. Hawe Kadzo akachukua ukimya wangu kuwa ndiyo, akanifungia vipande vitatu vya muhogo katika jani, akasema vingine nimpelekee mama.

Kibarani, Kilifi

Nilimkuta ameketi mlangoni mwa kibanda cha makuti, anasuka ukili wa mkeka. Nilimkumbuka mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu. Huyu alikuwa amesinyaa, shingo imekuwa nyembamba, na macho yameingia wingu. Aliona kanzu na baisikeli. Akainuka kwa taabu, akainama.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba," nikajibu.

Nimesema nitaandika yote, basi na hilo naliandika. Mwanamke wa umri wa mama yangu aliniamkia mimi, nami nikapokea, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kwetu. Ndipo nikasema, "Mimi Athmani."

Ukili ukamtoka mkononi. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanipapasa masikio, paji, kidevu, kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo mwenyewe.

"Umenijia mimi?" akauliza. "Umetoka Malindi umenijia mimi?"

"Nimekujia wewe," nikasema. Lilikuwa jibu la kweli na lilikuwa uongo, na yeye akalipokea lote.

Hakuniacha niseme lolote. Alikwenda kwa jirani akaazima mchele, akakuna nazi, akapika wali na changu, akakaa kunitazama nikila. Kila tonge nililotia kinywani lilimfurahisha. Majirani waliletwa mmoja mmoja kunitazama. "Mwanangu," akawaambia. "Niliwaambia, hamkuniamini." Nilishikana nao mikono na sikuweza kuwatazama usoni.

Walipokwenda, nikalikumbuka neno la Zena. Nikajitahidi sauti yangu isielemee popote.

"Tufaha, nataka kukuuliza. Uliwahi kuninyonyesha?"

Akacheka na ufizi wake mtupu. "Kwani wewe ulikua kwa nini? Kwa upepo?"

"Mara ngapi?"

"Mara ngapi!" Akazidi kucheka. "Mwanangu, hilo nalo lina hesabu? Maziwa ya mama yako yalikauka kabla ya arobaini. Akaniita chumbani, akafunga mlango, akalia. Akaniambia, Tufaha, mnyonyeshe, lakini mtu asijue. Sitaki isemwe mtaani kwamba mwanangu amekuzwa kwa maziwa ya mjakazi. Basi ukilia, mlango hufungwa, nakunyonyesha, natoka kwa mlango wa uani. Hata shangazi yako hakujua, ila siku moja alituingilia, tukamwambia ni homa. Mwaka mzima na kitu. Ulipoota meno ukaniuma, alama ninayo."

"Na Zena?"

"Zena alikuja baadaye, nilipozaa tena. Mama yake yeye hakuona haya, alisema mbele za watu. Wangu mimi wote wawili nimewazika Malindi, mmoja kabla yako na mmoja kabla ya Zena kusimama. Maziwa yakabaki ni yenu. Nyinyi wawili ndio mlioishi. Zena hajambo? Ameolewa?"

Nikamwambia. Sikuwa na njia nyingine. Nilimweleza posa, mchele, shehe, mara tano. Nilimwona akielewa, na nilimwona furaha ikimtoka usoni kidogo kidogo mpaka ikaisha. Aliokota ukili wake akasuka mikunjo kama kumi hivi.

"Kumbe hukunijia mimi," akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Kisha akasema, "Wampenda?"

"Sana."

"Basi nenda ukamwambie shehe, Tufaha amesema ni mara moja tu, siku ya homa. Nimelificha tangu ukiwa mchanga. Sitashindwa kulificha mpaka kaburini."

"Na Mungu?"

"Mungu atanihukumu mimi. Wewe nimekuambia ni mara moja. Yale mengine nilikuwa nikiropoka, mimi mzee."

Hayo ndiyo mliyokuwa mkitaka kuyajua, na hapa ndipo ninapotamani kuacha kuandika. Sikukataa. Nilisema, "Ahsante." Tufaha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetumwa na akakubali kwenda. Asubuhi nilipoondoka alikuwa ameshanifungia chakula cha njiani, na hakunisindikiza.

Mida tena

Nilikwenda mbio. Mipira ya majani ilinitikisa meno, lakini sikushuka. Nilijisemea maneno ya kumwambia shehe, nikayapanga, nikayapanga tena. Nilimwona Zena moyoni mwangu akifurahi. Nilijiambia kuwa mtu pekee aliyejua amekwisha sema ni mara moja.

Kufika hori ya Mida maji yalikuwa yakijaa tena, na Hawe Kadzo alikuwa pale pale na moto wake.

"Umemkuta mama yako?" akaniuliza.

Nikaona hapa ndipo pa kuujaribu uongo wangu, kwa mtu ambaye hanijui wala hatanidhuru.

"Si mama yangu," nikasema. "Ni mtumwa wetu wa zamani tu."

Yalitoka vizuri mno. Sauti haikutetemeka, ulimi haukujikwaa. Yalikuwa maneno ya mama yangu nyuma ya mlango uliofungwa, na mimi nilikuwa nimeyarithi mazima. Hawe Kadzo hakunigombeza. Akanikatia muhogo kama siku ile ya kwanza, akaniwekea gotini.

"Kwetu sisi anaitwa mama," akasema, akarudi kwenye kaa wake.

Nilijaribu kula nikashindwa. Nilikaa pale mpaka maji yalipojaa kabisa, na mpaka yalipoanza kupwa, na njia ya Malindi ikaonekana tena, imelowa, inang'aa. Nilimlilia Zena pale. Nililia bila kujificha, na Hawe Kadzo aliniacha nilie. Mwanamke yule alizaa wawili akawazika, akabaki na wawili wa maziwa, na mimi nilikuwa nimempokonya wote kwa neno moja la ahsante. Na Zena ningemwoa, na ningejua. Kila siku ningejua.

Nikaigeuza baisikeli.

Kurudi Shella

Tufaha alikuwa anafagia. Safari hii niliwahi mimi.

"Shikamoo, mama."

Akasimama na ufagio. Nadhani hakuwahi kuamkiwa hivyo na mtu wa nyumba yetu tangu aletwe pwani.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena, na akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikamwambia twende nyumbani akaseme kweli kwa kinywa chake. Akaniuliza Zena itakuwaje. Nikamjibu kuwa Zena mwenyewe ndiye aliyetaka niulize vizuri. Alifikiri, kisha akaingia ndani kufunga nguo zake, ambazo hazikujaza hata kitambaa kimoja.

Tulichukua siku nne. Hawezi kutembea sana, nyonga zinamuuma, kwa hiyo nilimketisha juu ya kile kiti cha kupakia mzigo, upande upande, mkono mmoja kwenye tandiko, nami nikasukuma. Kwenye miteremko nilipanda mbele yake tukaachia, naye akapiga kelele za hofu kisha akaomba tupate mteremko mwingine. Watu hawakukimbia tena. Walikuja njiani kutuamkia, kwa maana mtu wa serikali hasukumi bibi kizee. Walitupa madafu, walitupa samaki, walimwuliza huyu ni nani, na Tufaha alijibu kabla yangu kila mara. Alinisimulia njia nzima jinsi nilivyokuwa mtoto mlafi. Nilicheka alipotaka nicheke. Usiku wa mwisho nilisikia hapati usingizi.

Tulipoanza kuona minazi ya Malindi akaniomba nisimame. Akajifunga vizuri ukaya wake kichwani.

"Nipitie mlango gani?" akauliza.

"Wa mbele, mama."

Ukumbini walikuwapo wanawake na mchele wao, maana hakuna aliyewaambia waache. Shangazi Mwanajuma alifungua mlango, akaona nimemshika mkono Tufaha tunapanda ngazi pamoja, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana la kusema. Hakuna aliyeuliza ni mara ngapi. Kama ingekuwa mara moja, ningerudi peke yangu mbio, na wote walilijua hilo. Mmoja akaanza kuurudisha mchele kwenye gunia, taratibu, bila kutazama mtu.

Ndipo mlango wa upande wa kwa kina Zena ukafunguliwa. Alitoka amejifunika ushungi mpaka kifuani. Alikwenda moja kwa moja kwa Tufaha, akapiga magoti, akaibusu mikono yake mmoja baada ya mwingine, na Tufaha akamkumbatia kichwa akawa anasema "mwanangu, mwanangu" hana jingine. Zena akainuka, akanigeukia.

"Ulimwuliza vizuri?"

"Nilimwuliza vizuri," nikasema.

Akaushika ushungi kwa mikono miwili, akaufunua, akauteremsha mabegani. Kwa miaka sita nilikuwa sijauona uso ule, kwa sababu mchumba haonyeshwi; ndugu ndiye aonaye. Alikuwa mzuri kuliko nilivyokuwa nikimfikiria njia nzima, na alikuwa analia, na aliniacha nimtazame kadiri nilivyotaka, kwa kuwa sasa hapakuwa na ubaya tena.